Fundi Aliyeshona Hewani: Kuutambua Uraibu wa Pombe na Unga Kabla Haujachelewa Kutambulika

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, na siku yake ya tatu wodini alianza kushona hewani. Alikuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika baada ya kugongwa na bodaboda. Siku ya kwanza alilalamika maumivu tu. Siku ya pili hakupata usingizi, jasho likamtoka mpaka shuka likaloa, mikono ikawa haitulii. Siku ya tatu tukamkuta anapitisha uzi usiokuwepo kwenye tundu la sindano isiyokuwepo, kisha anajikung'uta siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Bibi akasema ni majini, akatuma mtu amwite shekhe aje na kombe. Daktari wa zamu alituuliza swali moja tu: "Mzee anakunywa?" Tukajibu karibu kwa sauti moja: hapana, au labda kidogo, siku za harusi.

Hatukuwa tunadanganya. Ndivyo tulivyoamini. Aliyejua ukweli ni mke wa mjomba, na alingoja tutoke nje ndipo akamwambia daktari: gongo, kila siku, kuanzia asubuhi. Maneno hayo ndiyo yaliyomwokoa, kwa sababu hali ile ina jina kitabibu, ina dawa, na isipotibiwa huua.

Nimefikiria sana tangu siku hiyo ni vipi nyumba nzima ya watu wenye macho ilishindwa kuona. Jibu nililofikia ni kwamba tulikuwa tunatafuta dalili sizo. Kwetu mlevi ni mtu anayeyumba njiani, anayetukana watu, anayelala mtaroni. Mjomba hakuyumba hata siku moja. Sasa naelewa kwamba kule kutoyumba ndiko kulikokuwa dalili kubwa kuliko zote. Mtu anayemaliza chupa ya gongo kwa siku na bado anakata suruali kwa mstari ulionyooka si mtu mwenye kichwa kigumu. Ni mtu ambaye mwili wake umeshajipanga upya kuizunguka pombe.

Na dalili nyingine zilikuwepo. Asubuhi alikuwa akiwaomba watoto wamtungie uzi kwenye sindano, tukasema ni macho ya uzee. Saa nne alikuwa anatunga mwenyewe. Macho ya uzee hayaponi kati ya saa moja na saa nne.

Upepo ukikatika ghafla

Watu wa Pwani wameona ngalawa ikikimbia na upepo wa ubavuni. Upepo unapousukuma upande mmoja, mabaharia huegemea upande wa pili ili chombo kisipinduke. Kikienda hivyo kinaonekana kimetulia kabisa. Sasa upepo ukikatika ghafla, uzito wao wenyewe ndio unaokilaza chombo upande waliouegemea.

Ubongo wa mnywaji wa kila siku hufanya hivyohivyo. Pombe inautuliza, inaupunguzia kasi. Ubongo, ili uendelee kufanya kazi, unajiongezea kasi upande wa pili. Siku zinavyokwenda unaegemea zaidi na zaidi, na ndiyo maana kiasi kilichomlewesha mtu mwaka juzi leo hakimgusi. Pombe ikikatwa ghafla, ile kasi inabaki peke yake bila cha kuizuia. Kuanzia saa sita hivi mpaka siku nzima baada ya glasi ya mwisho, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, kichefuchefu kinampanda. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege kama mtu mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache wanafikia pale alipofikia mjomba: kuchanganyikiwa, kuona wadudu, kufanya kazi ya mikono yao hewani.

Mitaani hali hii ya mwili kudai kilichokatwa inaitwa arosto. Neno hilo wanalitumia zaidi watumiaji wa unga, yaani heroini, lakini jambo ni lilelile. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa namna inayogharimu maisha. Arosto ya unga inatisha kuitazama: mtu anagaagaa, anatapika, anaharisha, anapiga kelele kwamba anakufa. Kwa kawaida hafi kwa hiyo arosto yenyewe, ingawa kuharisha na kutapika bila kupewa maji kunaweza kumfikisha pabaya. Arosto ya pombe inaanza kimyakimya, kwa kutetemeka tu, na ndiyo inayoweza kuua. Vivyo hivyo kwa vidonge vya usingizi na kutuliza wasiwasi, Valium na ndugu zake, pamoja na vile ambavyo Mombasa wanaviita bugizi. Kwa hiyo familia inayomfungia mlevi wa miaka ishirini chumbani siku tano ili "pombe imtoke" inafanya jambo la hatari kwa nia njema kabisa. Mtu wa namna hiyo anapunguziwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huishiwa nayo.

Uraibu ni nini hasa

Neno lenyewe lina historia nzuri. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza uraibu kuwa ni tambuu na vikolezo vyake: popoo, chokaa, tumbaku, vile vitu ambavyo mgeni alikaribishwa navyo kwa heshima. Kitu cha kutafuna kikazoeleka, mazoea yakawa hitaji, na leo neno limebeba mzigo mzito kuliko sinia la tambuu. Nalipenda kuliko "ulevi", kwa kuwa ulevi unaeleza hali ya mtu jioni moja, ilhali uraibu unaeleza namna maisha yake yalivyopangwa.

Madaktari wanaotumia mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, wanatazama mambo matatu na kutafuta angalau mawili. La kwanza ni udhibiti: je, mtu anaweza kuamua aanze lini, atumie kiasi gani, aache saa ngapi, na uamuzi huo ukasimama? La pili ni nafasi: je, kitu hicho kinaendelea kupanda juu ya kazi, watoto, ibada, afya, hata pale ambapo madhara yako wazi mbele yake? La tatu ni mwili: kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata hali ileile, kupata arosto, au kutumia ili kuikwepa arosto. Kwa kawaida wanaangalia hali iliyoonekana katika kipindi cha miezi 12, si tukio la wiki moja.

Ona kwamba katika hayo matatu hamna macho mekundu, hamna harufu ya kinywa, hamna nguo chafu. Hizo ni dalili za kutumia. Uraibu unaonekana zaidi kwenye mpangilio wa maisha: nini kimesogezwa, na kimesogezwa ili kumpisha nani.

Ukanda wetu una jaribio lake la uraibu ambalo kila mtu analijua: Ramadhani. "Mimi mraibu? Mbona mwezi mzima sigusi?" Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na Wakristo wana ya kwao kuhusu Kwaresima. Inastahili kujibiwa kwa uangalifu. Kama mtu anaacha siku 30 bila kutetemeka wala kukosa usingizi, basi ni kweli, mwili wake haujafungwa. Hilo ni jema. Lakini limejibu jambo la tatu tu. Muulize kuhusu usiku wa Idi na wiki inayofuata. Alisema atakunywa mbili, akanywa ngapi? Je, ule mwezi aliuishi, au aliuhesabu kwa siku zilizobaki? Kuna watu ambao kuacha kwao si shida hata kidogo. Shida ni kwamba wakishaanza hawana pa kusimama. Na kuna wale ambao Ramadhani inawaumbua. Wanaugua tumbo kila mwaka tarehe mbili ya mwezi, wanakula mchana kwa kisingizio cha dawa, na hakuna anayeuliza ni dawa gani.

Unga, na kosa la kusema "ni bangi tu"

Heroini imekuwa ikienea kwenye mwambao wetu tangu miaka ya 1980, ikiletwa kwa majahazi na meli kutoka upande wa Asia, na Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zote zimezika vijana kwa sababu yake. Wazazi wengi bado wanaufikiria unga kuwa ni sindano. Wanakagua mikono ya kijana, hawaoni alama, wanashukuru Mungu. Lakini wengi wanaanza kwa kuvuta, tena ndani ya kokteli: msokoto mmoja wenye unga, bangi na tumbaku. Mzazi ananusa bangi, anakasirika, anasema "ni bangi tu, atakua ataacha", na kile kingine kilichomo hakina harufu anayoijua.

Macho yanaweza kusaidia kidogo. Bangi huyafanya macho kuwa mekundu. Unga hufanya mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano, hata chumba kikiwa na giza ambapo mboni za mtu mwingine zingepanuka. Aliyetumia hujikuna usoni na mwilini, sauti inakwaruza, na anasinzia katikati ya sentensi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua ile picha ya teja aliyesimama amekunjika kiuno, kichwa kinakaribia magoti, haanguki. Kijana wa mwanzoni hafiki huko. Anasinzia kwenye kochi akiwa na kijiko mkononi, ukimwita anaitika upesi na kusema alichoka na mpira.

Dalili ninayoiona ya maana zaidi ni mafua. Arosto ya unga inaanza saa nane hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, na inaanza kama mafua: makamasi, machozi, miayo isiyokwisha, vinyweleo kusimama, baridi katikati ya joto la Februari, mifupa kuuma, tumbo kukata. Mboni sasa zinapanuka. Kijana mwenye "mafua" hayo anaomba shilingi elfu chache, anatoka nusu saa, anarudi amepona. Hakuna virusi vinavyotibika kwa kutembea mpaka kona ya mtaa na kurudi. Ukiona hivyo mara tatu ndani ya mwezi, usiendelee kununua Panadol.

Baada ya hapo vitu vinaanza kuondoka nyumbani, na vina mpangilio wake. Kwanza vya kwake mwenyewe: simu "imeibwa", viatu "nimemwazima rafiki". Kisha vidogo vya nyumba ambavyo havitafutwi kila siku: pasi, sufuria kubwa ya shughuli, kanga ambazo hazijafunguliwa. Kisha mtungi wa gesi. Akifika kwa majirani, mtaa unamwita mwizi, na kuanzia siku hiyo watu hawamwoni mgonjwa tena. Familia nyingi zinaamka kwenye mtungi wa gesi. Laiti tungeamka kwenye simu.

Miraa, au mirungi, sitaiendea mbali: anayetafuna usiku kucha bila kulala wala kula, kisha anatafuta vidonge vya kumlaza, amejitengenezea mduara, na mara nyingi vidonge ndivyo vinavyokuja kuwa tatizo kubwa kuliko majani. Wanawake nao tunawakosa kwa sababu tunawatafuta vijiweni, wakati wao hutumia nyuma ya mlango: dawa ya kikohozi yenye kodeini, vidonge alivyoandikiwa baada ya upasuaji miaka minne iliyopita na bado ananunua, pombe kwenye kikombe cha chai. Aibu yao ni kubwa mara mbili, na hivyo wanajificha vizuri mara mbili.

Pamoja na hayo yote, naomba mtu asichukue makala hii na kwenda kumshtaki mwanawe jioni hii. Kupungua uzito, kujitenga, kushuka darasani, kulala mchana na hasira za ghafla vinaweza kuwa sonona, kisukari, kifua kikuu, au kijana anayeonewa shuleni na hajui aseme kwa nani. Dalili moja haitoshi. Hata kipimo cha mkojo hakijibu swali la uraibu: kinaonyesha kwamba mtu ametumia, na kwa unga kinaonyesha siku mbili tatu za nyuma tu, ilhali bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Kinachotafutwa ni mambo kadhaa yanayokwenda pamoja na kurudia kwa wakati.

Maswali manne

Mwaka 1984 daktari wa Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne mafupi ya kutambua tatizo la pombe, na bado yanatumika. Umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze kunywa? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu unywaji wako? Umewahi kujisikia vibaya au mwenye hatia kwa sababu ya kunywa? Umewahi kuanza siku na kinywaji ili utulize mwili au uondoe uchovu wa jana? Ndiyo mbili au zaidi zinatosha kumfanya mtu aende kuzungumza na mhudumu wa afya.

Nayapenda, ila nina neno kuhusu swali la tatu yanapoulizwa huku kwetu. Katika nyumba ambayo pombe ni haramu, anayekunywa bia moja kwa mwaka atajibu ndiyo, na hatia yake ni ya kidini, haipimi kiasi. Kwa hiyo kwa watu wetu mimi ningelisikiliza zaidi swali la nne. Bara wanaita kuzimua, Kenya wanaita kutoa lock, na wanalisema kwa kicheko mezani kana kwamba ni ujuzi wa wazoefu. Mara moja baada ya harusi ni jambo dogo. Lakini anayehitaji kuzimua siku ya kawaida ya kazi ili mkono utulie, mwili wake umeshajibu maswali yote manne.

Ukishatambua

Kwanza, hatari ya papo hapo. Mtu aliyetumia unga, akiwa hazinduki ukimtikisa, anapumua polepole sana au anakoroma kwa sauti ya maji, midomo na kucha zikigeuka rangi, hajalala. Msiseme "mwacheni alale". Mlazeni ubavu, hakikisheni njia ya hewa iko wazi, kimbizeni hospitali. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha kwa dakika chache. Hatari hii ni kubwa kuliko wakati wowote mtu anapotoka jela, kwenye nyumba ya kupata nafuu, au baada ya kuacha kwa wiki kadhaa. Mwili umesahau kiasi ulichokizoea, yeye hajasahau, anarudi kwenye dozi ileile ya zamani. Wengi wanaozikwa wakiwa "walikuwa wameshaacha" wanakufa hivyo, na hawakuwa wamewadanganya ndugu zao.

Matibabu yapo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na Kenya ikaanza ya kwake Hospitali ya Mathari Desemba 2014, kisha Malindi mwaka uliofuata. Kwa kawaida methadoni inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Husemwa kwamba ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine. Ni kweli ipo katika jamii moja na heroini, lakini hukaa mwilini siku nzima bila kumpandisha na kumshusha, kwa hiyo mtu halazimiki kuamka akiwaza kete ya asubuhi. Anaweza kwenda kazini. Anaweza kukaa na mtoto wake saa nne mfululizo. Anayedharau hilo hajawahi kuishi na mtu ambaye kila baada ya saa kadhaa anatafuta pesa.

Pili, mazungumzo. Usiyaanzishe akiwa amelewa, wala akiwa kwenye arosto, kwa kuwa hali zote mbili zitakujibu badala yake. Usitumie jina: mlevi, teja, aibu ya ukoo. Akisikia jina atabishana na jina. Sema ulichokiona, kwa siku na saa zake. Mke wa mjomba hakumwambia "wewe ni mlevi" hata mara moja. Wiki moja baada ya kutoka wodini alimwambia: "Jumatatu, Jumanne na Jumatano mtoto ndiye aliyekutungia uzi. Saa nne ulitunga mwenyewe. Mimi najua ulikwenda wapi katikati." Mjomba alinyamaza muda mrefu. Alikubali kwenda kliniki, akaanguka mara mbili ndani ya mwaka, na kila mara alirudi.

Ukimpeleka mtu wako kwa daktari, nenda na majibu haya yameandikwa kwenye karatasi, maana pale mapokezi na mbele ya wakwe utasahau au utaona aibu: anatumia nini, na pamoja na nini, kiasi gani kwa siku, kwa kipimo mnachokijua nyumbani, kwa miaka mingapi, amewahi kupata degedege au kuona vitu alipoacha, vidonge gani vingine anameza. Na juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa, andika mara ya mwisho ilikuwa siku gani, saa ngapi. Kuanzia saa hiyo ndipo daktari anapohesabu.